Asilimia 53 Inakufikisha Wapi?

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, Aveba kwetu haihitaji mpiga mbiu. Mmoja anatafuta mahali penye mtandao, ujumbe unaingia kwenye simu, na kufumba na kufumbua barabara imejaa vijana wenye vichwa vyeupe kwa poda, mama zao nyuma wakipiga vigelegele. Mimi nafundisha kemia katika madarasa ya mwisho ya humanités, yaani sekondari ya juu, hapa, na siku hiyo poda hainipiti. Furaha ile ni haki yao. Katika kolektivite yetu ya Walendu Bindi, jimbo la Ituri nchini Kongo, vita vimefunga shule mara nyingi. Kuna watoto waliosoma ukimbizini, na wapo waliopoteza mwaka mzima kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Aliyevuka yote hayo akapata D6, yaani cheti cha taifa cha kumaliza sekondari, anastahili kuimbiwa.

Kesho yake wazazi wanaanza kubisha hodi. Wanakuja na namba iliyoandikwa kwenye karatasi: 51, 53, 58, 64. Swali lao ni moja: "Mwalimu, hii inamwingiza mtoto wapi?"

Nimeandika makala hii kwa ajili ya wazazi hao na wengine wengi wa Irumu, Djugu, Mahagi na kwingineko. Asilimia haiamui peke yake. Opsioni, yaani mchepuo wa masomo, ambayo mtoto alichagua miaka minne kabla imekwisha kuamua sehemu kubwa, na wingi wa nafasi katika kitivo anachokitaka unaamua sehemu nyingine. Anayelijua hili mapema anaweza kupanga. Anayelijua siku ya matokeo anabaki kubahatisha kwa mali ya familia.

Hamsini maana yake nini

Exetat ni mtihani mmoja kwa nchi nzima. Unaanza na sehemu ya awali, ambapo mwanafunzi anaandika insha ya Kifaransa, anahojiwa kwa mdomo, na wa opsioni za ufundi au ualimu anafanya mtihani wa vitendo. Baadaye inakuja sesheni ya kawaida ya siku nne. Hapo maswali ni ya kuchagua jibu, na kila siku ina fungu lake: maarifa ya jumla, lugha, sayansi, na masomo ya opsioni. Karatasi zinasahihishwa kwa mashine. Mwanafunzi wa Aveba wa kemia na biolojia anapimwa kwa kipimo kilekile cha mwenzake wa Kinshasa ambaye shule yake ina maabara na umeme.

Anayepata chini ya asilimia 50 hapati cheti. Anaweza kurudia mwaka shuleni, au baadaye kujiandikisha kama mtahiniwa binafsi, ambaye hupitia kwanza mtihani wa awali kabla ya kuruhusiwa kuingia Exetat. Anayepata 50 na zaidi ana D6, na D6 ndiyo sharti la kwanza la kuingia chuo kikuu chochote cha Kongo. Kwa hiyo kiwango cha chini cha taifa ni hicho 50, na hakuna mtu wa kukubeza kwa 51 yako. Cheti ni kimoja.

Juu ya hamsini, mambo yanabadilika. Kila mwaka wizara ya elimu ya juu inatoa maelekezo ya mwaka wa masomo, na kila chuo kinatangaza masharti yake ndani ya maelekezo hayo. Kitivo chenye maombi machache kinaweza kupokea kila mwenye cheti na faili kamili. Kitivo kinachokimbiliwa na wengi, udaktari kwanza, kinaweka mtihani wake wa kuingia, na vipo vyuo vinavyomwondolea mtihani huo mwenye asilimia ya juu. Uhandisi nao katika vyuo vikubwa umekuwa na mwaka wa maandalizi, ambao wengi hawauvuki.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani alama za kuingia zinapimwa kwa ugumu wa masomo au kwa akili ya mtoto, kumbe kwa sehemu kubwa zinapimwa kwa viti. Kitivo kikiwa na viti 100 na waombaji 120, aliye wa mia anaweza kuwa na asilimia ya kawaida kabisa. Waombaji wakifika 2,000 kwa viti vilevile, wa mia atakuwa na asilimia ya kutisha. Masomo ni yaleyale, walimu ni walewale.

Wengine wanavyofanya

Kuona jinsi nchi nyingine zinavyopanga mambo haya kunatusaidia kuyaelewa ya kwetu. Nijeria ina bodi ya taifa ya kuingiza wanafunzi, JAMB, iliyoundwa mwaka 1978. Mwanafunzi anafanya mtihani wa masomo manne, Kiingereza kikiwa cha lazima, na jumla ni 400. Kwa mwaka 2025 kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kiliwekwa 150. Lakini anayetaka udaktari katika chuo chenye jina akiwa na 150 hafiki popote, kwani huko hutakiwa alama 250 na zaidi, na vyuo vingi humpima tena mwombaji kwa mchujo wao wenyewe. Isitoshe, vyuo vya serikali ya shirikisho huko havitazami alama peke yake. Kuna sehemu ya nafasi inayogawiwa kwa sifa tupu, sehemu kwa wenyeji wa majimbo yanayozunguka chuo, na sehemu kwa majimbo yaliyo nyuma kielimu.

Kenya inataka daraja la C+ katika KCSE, mtihani wake wa kumaliza sekondari, ili mtu asomee shahada. Baada ya hapo, KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo, inakokotoa alama za kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi, jumla ya juu ikiwa 48. Namba wanazozitangaza kozi kwa kozi ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi katika mgao uliopita. Ni kumbukumbu ya jana, na mwaka huu zinaweza kupanda au kushuka.

Uganda inatazama masomo gani umefaulu. Masomo ya lazima kwa kozi yanazidishwa kwa tatu na yanayohusiana kwa mbili, hivyo A ya somo lisilohusika na kozi haikusogezi mbali. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5, na ufadhili wa serikali una nafasi zilizotengwa kwa kila wilaya. Tanzania, kupitia tume yake ya vyuo vikuu, TCU, kwa kawaida inadai ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1, kisha kila kozi inaongeza ya kwake.

Ukiziweka nchi hizi pamoja na Kongo utaona kanuni moja: kuna kiwango cha chini cha taifa, na juu yake kuna kiwango cha kozi. Cha kwanza kinakupa ruhusa ya kuomba. Cha pili ndicho kinachokupa kiti.

Mwenye 64 na mwenye 53

Baba mmoja alikuja kwangu na binti yake pamoja na mtoto wa kaka yake. Binti alikuwa na 64 katika pedagojia. Kijana alikuwa na 53 katika kemia na biolojia. Wote wawili walitaka udaktari, na ng'ombe wa kuuza alikuwa mmoja.

"Mwalimu, mimi naona aende binti," baba alisema. "Sitini na nne si ni kubwa kuliko hamsini na tatu?"

"Ni kubwa, Baba. Tena amefanya kazi nzuri sana. Lakini mtihani wa kuingia udaktari utamuuliza kemia, biolojia, fizikia na hesabu."

Nikachukua daftari la kemia la kijana, nikalifungua kwenye ukurasa wa kusawazisha milinganyo, nikamwomba binti ajaribu mmoja. Alitazama ukurasa kwa utulivu, akasema, "Mwalimu, hii sisi hatukufundishwa hivi." Alisema kweli. Katika opsioni yake saa nyingi zilikwenda kwenye saikolojia, mbinu za kufundisha na masomo ya majaribio mbele ya darasa la msingi. 64 yake ni ushahidi kwamba alizishika vizuri saa hizo.

Kijana naye nilimwambia ukweli wake. Kwa 53 asitegemee kuondolewa mtihani wa kuingia. Atakaa kwenye chumba kimoja na wenye 65 na 70, na humo ndani karatasi ya siku hiyo ndiyo inayotazamwa. Akitaka kujaribu, asome miezi yote iliyobaki, na awe na chuo cha pili mkononi.

Tukaorodhesha milango ya karibu. Mjini Bunia kuna Chuo Kikuu cha Bunia, kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Kuna ISP, chuo cha kutayarisha walimu wa sekondari. Kuna Chuo Kikuu cha Shalom, ambacho mizizi yake ni chuo cha teolojia kilichofunguliwa mwaka 1961. Kwa wanaopenda tiba kuna ISTM Nyankunde, inayofundisha wauguzi na mafundi wa afya. Binti alichagua ISP, na leo anajiandaa kufundisha. Kijana alikwenda uuguzi. Ng'ombe aliuzwa baada ya majibu ya vyuo, na fedha zikagawanywa kwa wote wawili.

Uamuzi unafanyika darasa la nane

Kisa hicho kinanirudisha kwenye hoja yangu. Binti yule alifungiwa njia ya udaktari siku alipoingia pedagojia, akiwa bado mtoto, na hakuna aliyemweleza. Mwisho wa darasa la nane la elimu ya msingi kuna TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchuja na kuelekeza wanafunzi. Kwa jina lake unapaswa kumwonyesha mtoto njia inayomfaa. Vijijini, mtoto anafuata opsioni iliyopo kwenye shule ya karibu, na mara nyingi ni pedagojia, kwa sababu haihitaji maabara. Sisemi neno baya juu ya pedagojia. Bila hiyo nisingekuwa na wanafunzi wanaojua kusoma. Nasema mtoto aambiwe mapema kila opsioni inaelekea wapi.

Tangu mageuzi ya LMD, mfumo wa lisansi, masta na doktora, yaanze katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, uzito wa chaguo hilo umeongezeka. Lisansi sasa ni miaka mitatu yenye krediti 180, sitini kila mwaka, na anayeingia bila msingi wa somo anachelewa tangu muhula wa kwanza.

Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto darasa la saba au la nane, kaa na prefe, mkuu wa shule, umuulize opsioni zilizopo na zinakopeleka. Mtoto akipenda tiba au uhandisi, tafuta ndugu wa kumpokea Gety au Bunia penye opsioni ya sayansi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kurudi nyuma baada ya Exetat.

Mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho, tayarisha karatasi sasa: bulletini za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, picha, na baada ya matokeo, hati ya kufaulu inayotumika wakati cheti chenyewe kinasubiriwa. Sikiliza Radio Candip, iliyozaliwa ndani ya ISP Bunia, na redio nyingine za mjini, kwa kuwa matangazo ya kujiandikisha hayakai muda mrefu. Usiuze mifugo kabla chuo hakijakujibu. Anayefikiria Uganda ajue kwamba D6 yake itapelekwa kwanza UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ilinganishwe na vyeti vya huko, na kwamba masomo ni ya Kiingereza. Na aliyepata asilimia za juu kabisa aulizie Excellentia, ufadhili wa Taasisi ya Denise Nyakeru Tshisekedi kwa vinara wa Exetat.

Nina ombi pia kwa wenye vyuo na wizara. Tarehe 28 Februari 2020 serikali na kundi la wapiganaji la FRPI walitia saini makubaliano ya amani Gety, tukapumua. Mei 2021 Ituri nzima ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi, na hadi sasa kuna watoto wanaofanya Exetat wakiwa wamehama makwao. Nijeria imetenga nafasi kwa majimbo yaliyo nyuma, Uganda imetenga kwa wilaya. Kongo inaweza kutenga viti kadhaa vya udaktari na uhandisi kwa watoto wa maeneo ya vita, pamoja na mwaka wa kuwaimarisha katika sayansi. Mtihani wao ubaki uleule, ila atakayewachagua ajue wamesomea wapi.

Na vyuo vitangaze masharti ya kila kitivo mwezi wa tatu au wa nne, wakati wanafunzi wangu bado wako darasani na mimi bado nina muda wa kuwafundisha kile watakachoulizwa.