Mume Wangu Anacheza Piano Iringa

Hivi wewe msomaji, ushawahi kumwona mwenzi wako ana furaha ambayo huijui? Mimi yalinikuta Juni mwaka huu, Jumamosi asubuhi, niko kitandani Mbeya nimejifunika mablanketi mawili kwa ile baridi yetu mnayoifahamu. Nafungua simu, napitia status za watu WhatsApp, nakutana na video ya sekunde 20 hivi ya kijana mmoja anayefanya kazi ofisi moja na mume wangu kule Iringa. Taa za rangi, watu wamevaa makoti, na katikati yao yuko mume wangu. Anacheza "Mnike".

Niwe mkweli: nilirudia ile video mara tisa nikitafuta mwanamke. Hakuwepo. Nilichokiona ni mtu ambaye kwenye harusi yetu alicheza kama anakanyaga udongo wa kufyatulia matofali, sasa anashusha bega, anateleza na mguu, anageuka, halafu anacheka. Huyo anayecheka ndiye aliyeniuma. Nilikuwa sijamwona muda mrefu.

Niwape picha. Sisi ni wale wa ndoa ya barabarani. Mimi nahariri kurasa hizi nikiwa Mbeya, yeye kituo chake cha kazi ni Iringa, na huu ni mwaka wa nne. Kati yetu kuna zaidi ya kilometa 300 za lami: Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Anakuja wikiendi mbili kwa mwezi, mambo yakiruhusu. Najua wengi mnaosoma hapa mko hivyo hivyo, mwalimu huku, nesi kule, mtu wa benki kahamishwa juzi, na mnajua simu zetu za usiku zinavyokuwa. Ada. Fundi wa kiwanja. Luku. "Haya, lala salama."

Mimi nina tabia moja: nikiumia, nafanya kazi. Sikumpigia. Nilivaa sweta nikaenda Mwanjelwa kumtafuta DJ.

Gogo na kayamba

DJ wangu (namwita wangu kwa sababu tangu siku hiyo hatujaachana) ni kijana wa miaka 20 na kitu, mchana anauza kava za simu, Ijumaa mpaka Jumapili anasukuma ngoma kwenye baa. Nikamuuliza, mdogo wangu, hii amapiano ina nini hasa, maana mimi naisikia kila mahali na siielewi. Akanitazama kwa huruma. "Dada, wewe unasikiliza maneno. Piano haisikilizwi maneno."

Akanivalisha hedifoni. Akanionyesha kwanza ile besi nzito inayodunda kama mtu anapiga gogo lenye uwazi, dum, du-dum, inayokuja pale usipoitegemea. Ma-DJ wanaiita logi dramu. Hakuna gogo lolote pale, ni sauti ya kompyuta, na watayarishaji wengi wa Afrika Kusini wanaifanyia kazi kwenye programu ya FL Studio. Juu yake kuna sauti kama kayamba, haikatiki. Halafu kinanda, kile kilichoupa muziki jina, maana amapiano kwa Kizulu ni wingi wa piano. Mwendo wake ni midundo kama 110 hadi 115 kwa dakika. Linganisha na singeli ya Dar, ambayo inaweza kupita 200, ndipo utaelewa kwa nini watu wa makamo wanakimbilia piano: mwili unapata muda wa kufikiri.

Kwa wale wanaopenda historia kidogo, muziki huu ulikulia kwenye vitongoji vya Gauteng, Pretoria na Johannesburg, miaka ya 2010, ukichota kutoka kwaito, house na jazi. Mwanzoni redio kubwa ziliupita kama hazijauona. Vijana waligawana nyimbo kwa simu, na madereva wa teksi za abiria walizipiga barabarani. Mwaka 2019 Kabza De Small na DJ Maphorisa wakatoa albamu ya "Scorpion Kings", na kuanzia hapo mlango ukawa wazi. Mwaka 2021 video ya Uncle Waffles, binti wa Eswatini, akicheza huku anapiga muziki ilizunguka dunia nzima. Februari 2024 Tyla akachukua Grammy kwa "Water", wimbo ambao piano imo ndani yake hata kama umepakwa rangi ya pop.

Hapa kwetu Diamond Platnumz alitoa "Iyo" mwaka 2021 akiwa na Focalistic, Mapara A Jazz na Ntosh Gazi. Mwaka huo huo Marioo akaja na "Mama Amina" akiwa na Sho Madjozi na Bontle Smith. Mbosso akafanya "Shetani" na Costa Titch na Alfa Kat. Costa Titch, Mungu amrehemu, alianguka jukwaani Johannesburg Machi 2023 na kufariki. Na "Komasava" ya 2024, iliyopikwa na S2Kizzy, ikaenda mbali kiasi kwamba rimiksi yake ina Jason Derulo.

Ila mimi nawaambia, sisi wa Nyanda za Juu hatukuanza kuletewa muziki wa kusini na WhatsApp. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Rungwe, alikuwa mtu wa Wenela. Ndiyo, lile shirika lililokuwa likiandikisha vibarua kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, mpaka serikali yetu ilipokuja kusitisha mambo hayo baada ya Uhuru. Bibi anasimulia kwamba babu alirudi kutoka Joni na blanketi, sanduku la bati na santuri, na kwamba kwa mwaka mzima alitembea kama mtu anayesikia kitu ambacho wengine hawakisikii. Bibi hakuipenda ile santuri hata kidogo. Baadaye, nani atasahau "Vulindlela" ya Brenda Fassie ya 1997? Harusi gani ilikosa wimbo ule? Na Mbeya yenyewe ina mtaa unaoitwa Soweto. Basi tusijifanye wageni.

Rimiksi za mtaani

DJ akanifungulia laptopu. Humo, jamani, kuna mambo. Nyimbo mpya za piano anazipata kwa njia zile zile mnazotumia ninyi, YouTube, Audiomack, Boomplay, lakini nyingine anasema huletewa kwenye fleshi na madereva wa malori wanaopitia Tunduma, kwa hiyo anapata na za Zambia. Halafu kuna folda yake mwenyewe. Anachukua bongo fleva ya miaka ya 2000, ile uliyopendea mtu ukiwa kidato cha tatu, anaipunguza mwendo, anaondoa besi yake, anaweka gogo chini. Zipo zilipendwa. Zipo kwaya. Nikamwambia, mdogo wangu, hii ya kwaya siku ukiipiga mama yangu yuko karibu, sikujui. Akacheka, akasema wazee ndio wanaoiomba ikifika saa sita usiku.

Kuna la sheria pia. Kuubadilisha wimbo wa mtu na kuupigia hela bila ruhusa yake kunagusa hakimiliki, na sheria tunayo tangu 1999. Anajua. Anasema hauzi, anapiga tu. Hoja hiyo siamini ingesimama mbele ya hakimu, ila sikwenda kwake kwa ajili hiyo.

Kwa wale ambao mngependa kuanza, msikilize ushauri wake, maana mimi umenisaidia. Piano si moja. Ipo ya kuchezea, yenye fujo, kama "Tshwala Bam" ya TitoM na Yuppe ambayo baadaye Burna Boy aliingia kwenye rimiksi yake. Na ipo ile tulivu wanayoiita ya shule binafsi, ya akina Kelvin Momo, ndefu, dakika saba au nane, gogo linaguswa tu kwa mbali. "Hiyo ya pili," akaniambia, "ni ya watu wawili sebuleni, taa moja imezimwa." Nilinyamaza. Sebuleni kwangu taa zote huwa zimewaka, na mtu ni mmoja.

Safari ya Ijumaa

Ijumaa iliyofuata nilipanda basi la asubuhi bila kuaga. Najua, nyie mtasema ni uchunguzi. Mimi pia nilijiambia ni kazi. Chimala nikanunua mahindi ya kuchemsha, Makambako nikaanza kuogopa, Mafinga nikataka kushuka. Stendi ya Igumbilo nikachukua bajaji kupanda mjini, na saa tatu usiku nilikuwa mbele ya ukumbi ule wa kwenye video, nimevaa viatu visivyofaa.

Alikuwepo. Hakuwa katikati, alikuwa pembeni na wenzake watatu wa ofisini, wawili wanaume na mama mmoja wa mapokezi anayelingana na mama mkwe wangu, chupa ya soda mkononi. Aliponiona hakushtuka kama aliyefumaniwa. Alishtuka kama mwanafunzi aliyekutwa anaimba bafuni.

"Kamwene," akasema. Yeye akizidiwa huwa anarudi kwenye Kihehe.

Tulitoka nje. Ile baridi ya Iringa inayopanda kutoka mtoni ilikuwa kali, tukasimama karibu na jiko la mchoma nyama tukijifanya tunasubiri chakula. Nilimuuliza swali nililolibeba kilometa 300 zote: kwa nini huku unacheza na nyumbani huchezi?

Alikaa kimya mpaka nikadhani hajibu. Halafu akasema, "Nyumbani nikifika unanikabidhi karatasi." Karatasi gani? "Orodha, mke wangu. Bomba linavuja, ada, fundi, mama yako, mama yangu. Nafanya yote, silalamiki. Ila Jumapili nikipanda basi nakuwa kama nimetoka zamu. Hapa hakuna anayenidai kitu. Piano ikipigwa naacha kuhesabu."

Kiukweli nilikasirika. Nikamwambia, na mimi nani ananiondolea hesabu? Wiki nzima bomba linavuja mimi ndiye ninayeweka ndoo. Hiyo orodha unadhani inaandikwa na nani saa nane za usiku? Wewe umepata pa kuiacha, umepata na mdundo, hukuniambia. Ungekuwa na mwanamke ningejua pa kuanzia. Mchoma nyama akageuza mishikaki ambayo ilikuwa tayari imeiva.

"Ningekuambia nini?" akasema. "Kwamba nina miaka 38 na ninajifunza kucheza kwa video za watoto?"

Hapo nikacheka, na sikutaka kucheka. Alikuwa anajifunza kweli. Chumbani kwake alikopanga, kiti kikisogezwa ukutani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Miezi mitano. Alisema alitaka aje anishangaze siku ya kumbukumbu ya harusi yetu, halafu siku yenyewe tukagombana kuhusu kiwanja na akaona si wakati.

Tulirudi ndani. Sitawadanganya kwamba tulicheza kama kwenye filamu. Viatu vilinibana, nilikuwa bado na hasira nusu, na yule mama wa mapokezi alicheza vizuri kutuzidi sote wawili. Lakini DJ alipopiga moja ya zile ndefu, tulivu, nilimwegemea na hatukuzungumza kwa dakika kama saba. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa dakika saba bila mmoja kutaja hela.

Mapatano

Kesho yake tulipanga mambo kwa chai, Miyomboni, kama watu wazima. Orodha haitolewi siku ya Ijumaa wala Jumamosi. Inakwenda kwa WhatsApp Jumatano, na yeye anachukua nusu yake kabla hajafika, anampigia fundi mwenyewe. Ijumaa moja kwa mwezi ni ya piano, kwa zamu, mwezi huu kwake, mwezi ujao kwangu. Na suala la uhamisho, ambalo kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake alianze, barua imeandikwa. Haijajibiwa. Mnajua barua hizo.

Bomba bado linavuja kidogo. Wiki ya pili alisahau kabisa kumpigia fundi, na nilimwambia bila kupamba.

Zamu ya Mbeya ni Ijumaa hii. DJ wangu wa Mwanjelwa ameniahidi ile bongo fleva tuliyokuwa tunaisikiliza chuoni, imewekewa gogo. Mimi nafanya mazoezi sebuleni na binti wa dada yangu, mwenye miaka 14, mwalimu mkali sana. Jana usiku alizima muziki katikati, akashika kiuno.

"Mamdogo, midomo yako inatembea. Unahesabu tena."