Tetemeko Likitokea: Jinsi ya Kuchanga na Kuomba ili Msaada Ufike

Tarehe 6 Februari 2023, saa 10:17 alfajiri, ardhi ilitikisika kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. Saa ya Uturuki ni sawa na ya Kenya. Kwa hivyo wakati wengi wetu tulikuwa bado tumelala, watu huko walikuwa wakichimba vifusi kwa mikono wakitafuta watoto wao. Tetemeko hilo lilikuwa la kipimo cha 7.8. Saa 7:24 mchana likaja lingine la 7.5, likaangusha majengo yaliyokuwa yamebaki. Zaidi ya watu 50,000 walifariki, na wengine wengi mno wakabaki bila makao katikati ya baridi kali.

Haikuchukua muda simu zetu zikajaa picha. Na baada ya picha zikafuata nambari za kutuma pesa.

Kila kukitokea janga kama hili, wateja wetu hutuuliza maswali matatu: Nitume wapi? Nitajuaje imefika? Na kama sina kitu, nifanye nini? Hebu tuyajibu polepole leo, kabla tetemeko lingine halijatukuta tukiwa na haraka.

Kwa nini pesa, na si nguo?

Ukiona mtu amelala nje, moyo hukutuma kwenye kabati: blanketi, sweta, viatu. Moyo huo ni mzuri. Lakini nguo zikisafirishwa nchi nyingine hulipiwa usafiri, hupita forodha, kisha lazima watu wakae chini wazichambue. Mara nyingi gharama ya kulifikisha furushi hushinda thamani ya furushi lenyewe. Wakati huo huo barabara ni chache, na lori la nguo kuukuu linaweza kuzuia lori la maji.

Pesa haichukui nafasi barabarani. Waliopo huko hununua kinachotakikana siku hiyo: leo hema, kesho dawa, wiki ijayo unga. Tena wakinunua karibu, muuzaji wa pale ambaye duka lake liliponea chupuchupu naye hupata riziki.

Wala usidharau kidogo chako. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wamarekani walichanga kwa ujumbe mfupi wa simu, dola 10 kwa kila ujumbe, na shirika la Msalaba Mwekundu la huko likakusanya zaidi ya dola milioni 30. Sisi wenyewe tulifanya hivyo mwaka 2011 katika kampeni ya Kenyans for Kenya, ukame ulipowabana ndugu zetu wa Turkana na kwingineko. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500, na lilipitwa. Wengi waliochanga kwa simu hawakuwa matajiri. Haba na haba hujaza kibaba.

Jina linalofanana si jina lenyewe

Sasa tuje karibu na nyumbani. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba nyingi zikabomoka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Michango ilimiminika. Kenya nayo ilipeleka mabati, magodoro na mablanketi.

Haikupita hata mwezi, serikali ya Tanzania ikatangaza kuwaachisha kazi maofisa wa pale, kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Soma tena hapo: *linalofanana*. Mtu mwenye nia njema, aliyeandika jina haraka haraka, asingegundua tofauti.

Huko Uturuki nako matapeli walisambaza picha ya mzimamoto akiwa amembeba mtoto kwenye vifusi, wakiomba pesa. Waliotazama kwa makini waliona mkono wa mzimamoto ulikuwa na vidole sita. Picha ilikuwa imetengenezwa na kompyuta. Machozi ya aliyeitazama yalikuwa ya kweli, lakini mtoto hakuwepo.

Mlaghai anajua kwamba huruma ina haraka. Ndiyo maana ujumbe wake husema "tuma SASA, kila dakika mtoto anakufa". Lakini shirika la kweli litapokea mchango wako hata ukichukua dakika kumi kucheki. Zichukue hizo dakika kumi.

Kabla hujabonyeza "Tuma"

1. *Usichukue nambari kutoka kwa ujumbe uliosambazwa.* Hata kama umetumwa na shemeji yako au mzee wa kanisa. Yeye mwenyewe huenda aliupata kwa mwingine. Nenda kwenye tovuti au ukurasa rasmi wa shirika ukaitafute nambari huko.

2. *Angalia ni nambari ya nani.* Shirika kubwa huchangisha kwa nambari ya Paybill iliyosajiliwa kwa jina lake. Ukiona nambari ya kawaida ya simu ya mtu ambaye humjui, ati "mratibu wa msaada", achana nayo.

3. *Soma jina linalotokea kwenye simu, neno kwa neno.* Kabla pesa haijatoka, jina la mpokeaji litaonekana. Watu wengi hulipita tu. Likiwa na herufi imezidi, neno limeongezwa, au ni jina la mtu badala ya shirika, katisha.

4. *Uliza shirika lina mkono gani kule.* Kwa mfano, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya limo katika shirikisho moja la kimataifa na Hilali Nyekundu ya Uturuki. Mashirika mengi ya misaada ya makanisa na misikiti nayo yana wenzao katika nchi nyingine. Lisilo na mtu kule litakuambia hadithi tu.

5. *Usimpe mtu nambari yako ya siri.* Hakuna mchango unaohitaji mtu mwingine ajue PIN yako. Hata sisi hatutakupigia kuiuliza.

6. *Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha.* Usiufute. Kukiwa na swali lolote, kumbukumbu ya muamala ndiyo shahidi wako.

Mkichanga kama kikundi

Wakenya wengi hatuchangi peke yetu. Tunachanga kama chama, jumuiya, darasa la zamani au waumini wa msikiti mmoja. Hapo shida mara nyingi si utapeli, ni vurugu. Mchango wa janga unaingia kwenye simu ya mweka hazina, ambayo pia ina karo ya mtoto wake na pesa ya stoo. Baada ya wiki mbili hakuna anayejua ipi ni ipi, na mtu mwaminifu anaanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Kwa hivyo kubalianeni mapema. Tumieni nambari isiyotumika kwa jambo lingine. Wawepo watu wawili, mmoja wa kupokea na mwingine wa kuandika. Wekeni siku ya mwisho, na siku hiyo hiyo pesa yote itumwe kwa shirika mlilochagua. Kisha ujumbe wa kuthibitisha uwekwe kwenye kundi ili kila mtu auone, kuanzia aliyetoa 5,000 hadi aliyetoa 50. Kumbukeni pia kutoa ada ya kutuma kwenye hesabu, ili mweka hazina asilipe kutoka mfukoni.

Changa mara mbili

Ushauri huu hausikiki sana, lakini sisi tunauona kuwa wa maana kuliko yote. Siku za kwanza baada ya tetemeko ni za kutafuta walio hai. Wiki zinazofuata ni za mahema, maji safi, vyoo na chakula. Baada ya hapo ndipo huja kazi ndefu: kujenga nyumba, kurudisha watoto shuleni, kumtafutia mguu wa bandia aliyekatwa mguu. Kazi hiyo huchukua miaka.

Michango hufuata kamera, na kamera huondoka mapema. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, Morocco ilipata tetemeko la kipimo cha 6.8. Karibu watu 3,000 walifariki, wengi wakiwa wa vijiji vya milima ya Atlas, ambako nyumba nyingi ni za udongo. Jiulize: baada ya mwezi mmoja, ni mara ngapi ulisikia vijiji hivyo vikitajwa?

Basi ukiwa na shilingi 1,000 ya kutoa, tuma 500 sasa. Zile 500 nyingine ziweke kando, na uweke kikumbusho kwenye simu cha miezi mitatu baadaye. Siku hiyo ikifika, utamsaidia mtu ambaye wengi wameshamsahau.

Na maombi je?

Wateja wengine hutuandikia kwa aibu: "Mimi sina hata mia, ninaweza kuomba tu." Hilo neno *tu* tuliondoe. Kuomba hakuna ada ya kutuma, na hakuna mtu ambaye salio lake halitoshi.

Wakristo na Waislamu miongoni mwetu wana desturi zao. Makanisa hutenga dakika katika ibada ya Jumapili. Misikiti husoma dua, na mahali pengine waumini huwaswalia waliofariki mbali. Ukiomba nyumbani, omba ukitaja mambo kwa majina yake. Ombea mji wenyewe. Ombea waokoaji ambao hawajalala, madaktari na wauguzi, wajane na wagane, na watoto ambao hawajui waite nani baba. Waombee pia wanaogawa msaada wawe na mikono safi. Na uendelee kuomba hata habari zikiisha.

Mambo mawili tu tuyaepuke. La kwanza, tusiwaambie manusura kwamba tetemeko ni adhabu ya dhambi zao. Aliyefiwa anataka mtu wa kukaa naye, hataki hakimu. Sisi wenyewe tunaishi kwenye Bonde la Ufa, na Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia. Ardhi haichagui. La pili, anayekuambia umtumie pesa ndipo aombee waathiriwa anauza kitu kisichouzwa. Sadaka iende kwa mwenye njaa, nayo dua ni bure.

Na kama una kidogo, fanya yote mawili. Omba, kisha utume. Au tuma, kisha uombe ifike salama.

Ukigundua umekosea

Piga simu kwa huduma kwa wateja papo hapo, usisubiri kesho. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea, tuna nafasi ya kuizuia wakati tunachunguza. Ikishatolewa kwa wakala, hatutakudanganya: kuirudisha ni vigumu sana. Ripoti polisi pia, na uhifadhi ujumbe wote. Hata kama yako haitarudi, ripoti yako inaweza kusaidia nambari hiyo ifungwe kabla haijamfikia mwingine.

Wala usione haya. Kutapeliwa ukiwa unasaidia hakukufanyi mjinga, aibu ni ya aliyekutapeli. Tunachohofia sisi ni kwamba mtu akishaumwa na nyoka hushtuka hata akiona ung'ongo, na mara nyingine janga likitokea atafunga mkono. Anayeumia hapo ni yule mama aliye kwenye hema, ambaye hakukukosea lolote.

Kwa hivyo endelea kutoa. Ila soma jina kwanza.