Kikao kimekwisha, uamuzi uko wapi?

Frateri anayekwenda mwaka wa kichungaji hukabidhiwa vijana wa VIWAWA kabla hajaizoea njia ya kwenda kigangoni. Mama anayeongoza jumuiya yake hapa Bweri Jumamosi asubuhi, Jumatatu anakaa kwenye kikao cha walimu au cha zahanati, na jioni yake kuna kikao cha chama cha akiba na mikopo. Vikao tunavyo vingi. Lakini ni mara ngapi tumetoka kikaoni kila mtu akiwa amesema "sawa", halafu maneno yenyewe yakaanza nje, mlangoni au njiani kuelekea stendi? Uamuzi uliopitishwa hivyo mara nyingi hautekelezwi. Hufa polepole, bila mtu wa kulaumiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkuu wa zahanati anafungua kikao kwa sala, kisha anasema: "Umeme umetusumbua sana. Mimi naona tununue jenereta kubwa zaidi. Mnaonaje?" Mhasibu anajibu wa kwanza, anakubali. Wa pili anakubali. Fundi anayeitunza jenereta iliyopo anajua kwamba ubovu uko kwenye nyaya za wodi ya wazazi, na kwamba jenereta kubwa haitaziponya. Lakini mkuu ameshasema, mhasibu ameshaunga mkono, na yeye ni kibarua tu. Ananyamaza. Miezi mitatu baadaye fedha zimekwisha na wodi iko gizani. Hakuna aliyesema uongo kikaoni. Kosa lilikuwa kwenye swali, ambalo liliulizwa likiwa limeshajibiwa.

Mtakatifu Benedikto aliliona jambo hili katika karne ya 6. Sura ya 3 ya Kanuni yake inamtaka abati, kunapokuwa na jambo zito, aite jumuiya yote, aeleze jambo lenyewe, kisha asikilize kabla ya kuamua. Anataka waitwe wote kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Tuangalie mpangilio huo vizuri. Abati anaanza kwa kueleza jambo, si kwa kutoa maoni yake. Mkuu wetu wa zahanati angesema tu: "Umeme umekatika mara nyingi mwezi huu na wodi imekaa gizani. Tatizo ni nini hasa?" Kisha angemwomba fundi aanze. Kumwanzisha aliye chini si heshima ya bure, maana akishasubiri wakubwa waseme, hana tena nafasi ya kusema kinyume chao bila kuonekana mkaidi.

Sinodi ya Maaskofu iliyofanyika Roma Oktoba 2023 na Oktoba 2024 ilitumia njia inayofanana na hiyo. Wajumbe, wakiwemo walei na wanawake wenye haki ya kupiga kura, walikaa kwenye meza za duara katika ukumbi wa Paulo VI. Kila mmoja alisema kwa zamu huku wengine wakisikiliza, kukawa na kimya cha sala, na katika mzunguko wa pili kila mmoja alieleza kilichomgusa katika maneno ya wenzake. Baada ya hapo ndipo walipotafuta pamoja walipokubaliana na walipotofautiana. Njia hii inawezekana hata kwa watu saba kwenye mabenchi ya kigango. Kikwazo ni muda, na tusijidanganye, kwa jambo dogo haifai. Rangi ya mapazia haihitaji mizunguko miwili.

Liko jambo jingine linaloharibu vikao vyetu, nalo ni kutojua nani anaamua. Kanuni ya 536 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema halmashauri ya kichungaji ya parokia ina kura ya ushauri tu. Mwamuzi ni paroko. Waamini wengine wakilisikia hilo huona kwamba wameitwa kupamba meza. Tunadhani kinachokatisha tamaa zaidi ni kuambiwa "amueni", kisha kugundua kwamba mlikuwa mnashauri. Kiongozi aseme mwanzoni kabisa: leo tunaamua pamoja, au leo nashauriwa na nitaamua mwenyewe, au leo natoa taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Zote tatu ni halali. Kuzichanganya ndiko kunakozaa manung'uniko.

Tena ushauri si kitu chepesi. Kanuni ya 127 inasema kwamba pale sheria inapomtaka mkubwa apate ushauri wa watu fulani, tendo lake ni batili asipowasikiliza. Halazimiki kuufuata, lakini wakiwa na kauli moja asiuache bila sababu yenye uzito zaidi. Na kanuni hiyohiyo inawageukia washauri pia: wanapaswa kutoa maoni yao kwa unyofu. Kwa hiyo mshauri anayenyamaza ukumbini na kusema yote barabarani ana deni lake.

Hapa Mara tuna kumbukumbu yetu ya kushauriana. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alipenda kueleza demokrasia ya Kiafrika kwa picha ya wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Ni picha nzuri, nasi tunaipenda, ila inafaa kuuliza nani alikaa chini ya ule mti. Waliokaa walikuwa wazee. Vijana na akina mama kwa kawaida walipelekewa habari. Na wenzetu Wakurya wana maneno mawili ya kutufikirisha: iritongo, mkutano wa jamii unaofanyika wazi, na inchama, baraza la siri la wazee. Tukiangalia maofisi yetu, karibu kila moja ina iritongo yake na inchama yake, hata kama wahusika si Wakurya. Watu wanne wanakutana jana yake, na kikao cha leo kinabaki kuwa cha kupiga makofi. Kushauriana kabla si dhambi, lakini waliokwisha kuafikiana waseme hivyo, wengine wajue wanajadili nini.

Je, kiongozi mwenye msimamo afanye nini? Januari 1958, kwenye mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora, swali lilikuwa kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliuchukia utaratibu huo. Nyerere aliona kususa ni kuwaachia wengine nafasi, akalisema hilo mbele ya wajumbe, akapingwa, akajibu hoja. Mkutano ulikubali kushiriki, na TANU ikashinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Si wote waliokubali: Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama cha African National Congress. Hivyo hata kikao kilichoendeshwa kwa hoja kinaweza kumpoteza mtu. Lakini aliyeondoka alijua anaondoka kwa sababu gani, na waliobaki walijua wameamua nini. Kusema mwisho, basi, si kujificha. Mwenye msimamo autoe kama hoja inayoweza kupingwa, baada ya wengine kupata nafasi.

Linabaki daftari la muhtasari. Mihutasari mingi huandika kwamba "wajumbe walijadili kwa kina", na hapo inaishia. Tunashauri katibu asome uamuzi kwa sauti kabla ya sala ya kufunga: tumeamua nini, nani atafanya, lini atatoa taarifa, na nani alikuwa na maoni tofauti. Mara nyingi ni wakati huo tu ndipo mtu husema, "Lakini mimi sikuelewa hivyo," na dakika tano zinazotumika kulirekebisha ni rahisi kuliko miezi mitatu ya giza. Na tuwe macho na ajenda ya "Mengineyo". Ndipo watu huingiza jambo zito wakati wengine wameshaanza kunusa pilau. Likija huko, lipewe tarehe yake na liwe ajenda ya kwanza kikao kijacho, mara baada ya yatokanayo.