Joto la Menengai litufae na kwa tiba

Mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti hudhani yamekwisha. Kisha, baada ya miezi au hata miaka, pete inaanza kumbana na mkono wa blauzi unakataa kupita. Takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliotibiwa ugonjwa huu huvimba mkono. Nchini Kenya, wanawake wapatao 6,800 walikadiriwa kupata saratani ya matiti mwaka 2020 pekee.

Chanzo kiko kwapani. Tezi za limfu zikiondolewa kwa upasuaji, au zikiharibiwa na mionzi, majimaji hukosa njia ya kurudi kifuani, yakatuama mkononi.

Hapo ndipo maji ya bwawa yanaposaidia. Mgonjwa akisimama maji yakamfika mabegani, kiganja chake huwa chini zaidi kuliko bega, hivyo hubanwa zaidi: takriban milimita 40 za zebaki mkono ukinyooka. Shinikizo hilo husukuma majimaji kwenda juu, huku misuli ikiyapiga jeki kwa mazoezi ya polepole. Dorit Tidhar, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Israeli, aliandaa mazoezi ya aina hii. Utafiti wake wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkono hupungua mara tu baada ya kipindi cha mazoezi na maisha ya mgonjwa huwa mepesi, ila nafuu hiyo ya uvimbe haikudumu. Kwa hiyo soksi ya kubana mkono haiachwi.

Sharti kubwa ni joto la maji: nyuzi 32 hadi 33 hivi. Maji ya moto hupanua mishipa na kuzidisha uvimbe. Kwa hiyo chemchemi za Bogoria, zinazotokota hadi watu wakachemshia mayai, si tiba ya mkono huu, na anayekwenda kuoga kwenye bwawa la mvuke la Olkaria aulize kwanza nyuzi. Mabwawa ya kawaida ya Nakuru nayo, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa baridi mno kwa mazoezi ya taratibu.

Hata hivyo, joto lenyewe tunalo. Huko Menengai, karibu na mji wa Nakuru, GDC, shirika la serikali la jotoardhi, limeonyesha kwamba mvuke wa ardhini unaweza kupasha maji ya mabwawa ya samaki, kuchemsha maziwa na kufua nguo. Naivasha, shamba la Oserian lilianza kupasha vitalu vya maua kwa mvuke miaka ya 2000. Iwapo samaki na waridi wanapashiwa joto, bwawa dogo la tiba haliwezi kutushinda.

Wakati huo huo, mama wa Molo au Njoro asiufungie mkono kazi kwa hofu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kunyanyua vyuma kwa kuongeza uzito kidogo kidogo hakukuzidisha uvimbe. Avae glavu shambani, aepuke kuchomwa na miiba, na asiingie bwawani akiwa na kidonda. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru, hospitali ya rufaa na GDC wakae meza moja. Mvuke upo, wataalamu wa viungo wapo na wagonjwa wapo. Kilichobaki ni bwawa.