Karudi Kutoka JKT, Mpe Nafasi

Kuruta wa Lushoto kazoea ukungu. Akipangiwa kambi ya Maramba, chini ya milima hiyohiyo ya Usambara, anakuta joto, mchakamchaka wa alfajiri na kwata. Ndiyo JKT, iliyoanza 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa 1994, yakarudi 2013.

Siku ya kufunga mafunzo kapiga gwaride, kala kiapo. Wewe mchumba unamsubiri Mombo, mpande wote zile kona. Anashuka kakonda, kichwa kipara. Unamwita, anajibu, "Ndiyo afande!" Cheka tu, dada. Ila maswali ya "ulikuwa na nani huko?" yaache kwanza. Mama yake atakuambia: saa kumi alfajiri mtoto yuko macho, kitanda keshatandika, kakaa kimya. Mnunulie matunda njiani. Ataongea mwenyewe.