Mchele Mbichi Kwenye Pindo la Kanga

Wengi hudhani ugonjwa wa ulaji ni wa wasichana wa Ulaya wanaojinyima ili wakonde. Lakini kula visivyo chakula, kunapodumu na kumshinda mtu, nako kumo katika orodha ya madaktari, na sisi tunakufahamu: vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni, mchele mbichi, majivu. Utafiti uliofanywa Pemba kwa wajawazito zaidi ya 2,300, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuta takriban 4 kati ya kila 10 wana mazoea hayo, wengi wao ya mchele mbichi. Na hata bara, katika kata ya Magomeni, Kilosa, anayekula hivyo huenda si mtu wa mbali. Ni mke, ni wifi, ni binti wa chumba cha pili.

Kinachoniumiza ni namna nyumba inavyompokea. Mume anapekua mkoba. Mama mkwe anasikia punje zikivunjika kinywani usiku, na asubuhi mawifi wote wana habari. Mwanamke naye anafunga mchele kwenye pindo la kanga, anautafuna chooni, anasukutua kabla ya kumkaribia mumewe. Kitanda ni kimoja, ila hamu ile haijawahi kuzungumzwa.

Mwaka 1873 daktari Lasègue wa Paris, akiandika juu ya wagonjwa waliokataa kula, aliona kuwa familia huwa na njia mbili tu, kubembeleza na kutisha, na zote hugonga mwamba. Kwetu kutisha ndiko hutangulia.

Siri hii hailindi mtu. Walaji wa vitu hivi hukutwa zaidi na upungufu wa damu. Kipi kinamzaa mwenzake, wataalamu bado wanabishana, ila udongo unaweza kunasa madini ya chuma tumboni. Aliyezoea kufokewa nyumbani humficha hata mkunga. Akiulizwa kliniki anasema hapana, basi.

Ndugu mume, ukiona vumbi la udongo kwenye kanga yake, usimtangaze. Msindikize kliniki, mwelezeni mkunga pamoja, apimwe wingi wa damu, apewe vidonge vya kuongeza damu. Kisha mhesabu wiki hii dagaa, maharage au maini vimeingia sufuriani mara ngapi. Nawe mama, ukisikia mchele unavunjika usiku, mwite mkweo faraghani, umuulize leo amekula nini.