Mto Epulu: soma maji kwanza, kisha utege

Mvua ikianza kukatika mwezi wa Desemba, maji ya Epulu inashuka na mawe ya kwenye maporomoko yanatoka inje. Hapo kila mtu anakimbilia mtoni: wamama na vikapu, vijana na nyavu, watoto na ndoana. Januari na Februari samaki wanajaa sokoni, bei inaanguka. Kisha mvua inarudi, mto unajaa, na sisi tunarudia makayabu ya dukani na samaki wa Ziwa Albert, wale wanaotoka Kasenyi, wanapita Bunia, wanafika huku kwa lori na bei ya njia nzima juu yao. Koperative ya wavuvi inaweza kupunguza shida hiyo. Lakini inabidi wamemba wajue mto unafanya nini kila majira, juu ya samaki anafuata maji, hamfuati mvuvi.

Tuanze na maji kidogo. Wakati huo samaki hawaishi, wanahama tu. Maji ya baridi inashika hewa nyingi kuliko maji ya moto. Ndiyo maana yule samaki wa Wazungu anayeitwa trauti, aliyeletwa Kenya mwaka wa 1905, anaishi kwenye mito na maziwa ya milimani ambako maji ni baridi kabisa. Kwetu Epulu hatufiki hata metre 1.000 juu ya bahari. Maji inapata moto, hewa inapungua. Kwa hiyo jua likiwa kali, samaki wengi wanatafuta fasi maji inapigana na mawe, ao wanashuka kwenye shimo lenye kina na kivuli. Kupoteza saa nzima na ndoana kwenye maji iliyosimama, ya kifupi, yenye moto, ni kazi bure. Pale utapata paka kambare, kwa sababu yeye anaweza kuja juu kuvuta hewa.

Tupa ndoana chini ya maporomoko, pale povu linaishia na maji inaanza kutulia, asubuhi kabla jua halijapanda ao jioni. Nyungunyungu ni chambo kizuri. Kumbikumbi wakiruka, tumia hao. Samaki wenye mdomo mrefu kama mrija wanakaa ndani ya mawe muchana na wanatoka usiku kutafuta wadudu chini ya maji. Kwa hao, tega wavu magharibi, uinue alfajiri. Usiuache mpaka saa nne: samaki aliyekufa ndani ya maji ya moto anaoza mbele ya kufika nyumbani, na fisi-maji hatakuacha na kitu.

Sasa tuje kwenye maji inayopanda. Hapa ndipo mwaka mzima wa uvuvi unaamuliwa, na hapa ndipo tunaharibu zaidi.

Mvua za kwanza zikishika, kambare wanaacha mto mkubwa, wanaingia vijito, wanapanda mpaka kwenye pori lililofunikwa na maji. Wanaenda kutaga. Jike moja la ukubwa wa mkono linabeba mayai maelfu kwa maelfu. Mvuvi anajua njia hiyo, basi anafunga mdomo wa kijito kwa uzio wa miti na migono ya kekele, mlango ukiangalia mto. Anapata samaki wengi kwa usiku moja, wote wamejaa mayai. Anafurahi. Mwaka unaofuata anashangaa kwa nini kijito ni kitupu.

Maoni yetu ni haya: kama koperative inaweza kushika sheria moja tu, ishike hii. Milango ya vijito ibaki wazi kwa majuma ya kwanza ya mafuriko. Uzio uwekwe wakati maji inarudi mtoni, mlango wa mgono ukiangalia juu, na nafasi kati ya vijiti itoshe kidole gumba kupita. Wakubwa watanaswa wakirudi, wadogo watapita. Ni uzio uleule na kazi ileile. Kinachobadilika ni wakati na upande wa mlango.

Wamama, zaidi wa Kimbuti, wana njia yao ya kiangazi: wanafunga kipande cha kijito kwa udongo na majani, wanatoa maji, wanaokota samaki, kaa na kamba. Njia hiyo si mbaya, maana kijito kinajazwa tena na samaki wa juu na wa chini. Ubaya ni kurudia kijito kimoja mara mbili kwa kiangazi kimoja, ao kuongeza utupa. Sumu ya utupa inaua mpaka kitoto cha juzi. Chandarua cha mbu nacho kinafanya vilevile, polepole. Tena tuko ndani ya Reserve ya Okapi, iliyoundwa mwaka wa 1992. Kabla ya kuweka kambi ya uvuvi fasi mpya, ulizeni ICCN.

Kuna jambo lingine lisilohusu wavu. Fasi wanachimba dhahabu, maji inakuwa tope na zebaki inaingia ndani yake. Zebaki haitoki kwa kupika wala kwa kukausha. Inajikusanya zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Chini ya machimbo, mama mwenye mimba na watoto wapewe samaki wadogo wanaokula majani, ao wa kijito kisichochimbwa.

Kuhusu bei: samaki mbichi anakulazimisha kuuza leo. Mpasue, toa matumbo, mwoshe kwa maji safi, mtie chumvi, kisha moshi wa polepole mpaka akauke kabisa. Takriban kilo 3 za mbichi zitabaki kilo 1, lakini hiyo moja inaweza kungoja Aprili, mto ukijaa na soko la Mambasa likiwa na njaa ya samaki. Tanuri moja la udongo linatosha familia kadhaa kwa zamu. Komite ikubaliane mapema nani analeta kuni na nani analala pale, maana moto wa usiku usiolindwa umeshageuza samaki wengi kuwa makaa.

Mkutano wa kuchagua vijito vitakavyobaki wazi ufanyike Februari, mbele ya mvua ya kwanza. Wamama wanaofunga vijito waalikwe, pamoja na wazee wa kambi za Wambuti. Wao ndio wanajua kambare anapanda wapi.